Safu ya Mwisho katika Daftari la Bi Inchi

Mtoto akiambiwa asimame apimwe shati, hasimami. Huo ndio ugunduzi wa kwanza aliofanya Bi Inchi katika kazi yake, na ulimgharimu mashati arobaini. Mwaka wa kwanza alipopewa kazi ya kushona sare za shule ya msingi iliyo nyuma ya duka lake, aliwapanga watoto mstari, akawazungushia futi mmoja baada ya mwingine, akaandika namba alizoziona. Aliyehisi ubaridi wa futi shingoni alijikunja. Aliyetekenywa kwapani alicheka na kubana mikono. Wengine walivuta tumbo ndani, wengine waliinamia viatu vyao. Siku ya kuvaa, mabega yalibana, vifungo vya kifuani vilikataa kufika kwenye vitundu vyake, na mama mmoja akamuuliza mbele ya watu kama alikuwa amewashonea wanafunzi au wanasesere.

Mwaka wa pili mtoto wa kwanza kwenye mstari alikuwa msichana asiyetulia hata kidogo. Kwa kuchoka tu, Bi Inchi akamwambia, "Hebu niambie, ukiwa mkubwa utakuwa nani?"

Msichana akanyooka. Mabega yakarudi nyuma, kidevu kikapanda. "Daktari!"

Bi Inchi akapima upesi kabla daktari hajarudi kuwa mtoto. Kifua kilikuwa kimeongezeka inchi moja na nusu tangu dakika iliyopita. Akamuuliza wa pili, akamuuliza wa tatu, na mpaka saa sita mchana alikuwa amewauliza wote. Jioni hiyo alichora mstari mmoja zaidi katika daftari lake la vipimo. Baada ya safu za kifua, mabega, mkono na kiuno, ikawepo safu ya tano isiyo na kichwa, na humo akaandika majibu. Hakuyaandika kwa sababu ya mapenzi kwa watoto, ingawa wazazi wengi walidhani hivyo. Aliyaandika kwa sababu ya kazi: kama safu ya mwisho ilikuwa tupu, alijua mtoto huyo alipimwa amejikunja, na namba zake hazifai kukatiwa kitambaa.

Jina la Bi Inchi alipewa na watoto hao hao, kwa kuwa alikuwa akizitaja inchi kwa sauti wakati wa kupima.

Yeye mwenyewe, utotoni, alitaka kuendesha treni. Baba yake alikuwa mtu wa bendera mahali ambapo barabara inakatiza reli. Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja na ukumbi, na kila treni ya mizigo ilipopita vikombe viligongana kabatini. Msichana alizijua treni kwa mlio. Alipomaliza shule aliandika barua ya maombi kwa ofisi ya reli, kisha akaandika ya pili, kisha ya tatu akiwa ameweka na stempu ya kujibiwa. Hakujibiwa. Baba akamshauri aende chuo cha ufundi ajifunze injini za magari, kwa kuwa injini ni injini. Siku ya kuandikishwa walichelewa. Karani alipitisha kidole kwenye karatasi yake akasema darasa la magari limejaa, darasa la umeme limejaa, ushonaji una nafasi mbili. Baba na binti wakatazamana. Nyuma yao kulikuwa na foleni.

"Haya, ushonaji," baba akasema.

Hiyo ndiyo habari yote ya jinsi alivyoingia katika kazi aliyoifanya miaka ishirini na minane. Alipoulizwa na wateja kama aliipenda, alisema aliizoea, na kwamba kuzoea hudumu kuliko kupenda.

Duka lake lilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa pembeni na benchi la wateja. Cha nyuma kilikuwa na vyerehani vitatu, viwili vikifanya kazi na kimoja kikisubiri vipuri. Cherehani cha pili alikikalia wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mnene mwenye mdomo mwepesi, ambaye alishona haraka kuliko yeye na kufumua mara nyingi kuliko yeye. Madaftari yalipangwa kwenye rafu juu ya pasi, mwaka kwa mwaka.

Wifi alipenda kuyasoma wakati wa chakula cha mchana. Mji haukuwa mkubwa, na wengi wa waliopimwa walikuwa bado wanapita barabara ile ile.

"Wifi, huyu hapa aliandikwa rais wa nchi," alisema siku moja, mdomo umejaa. "Si ndiye anayeshika ufunguo wa choo pale sokoni?"

"Ndiye."

"Basi kweli anaongoza. Watu wote wanamngojea yeye."

"Kula, uache watu."

Katika daftari moja la miaka ya katikati, watoto kumi na tisa walisema daktari. Mmoja wao alikuwa sasa akiuza magodoro, wawili walikuwa walimu, mmoja alikuwa akitengeneza viyoyozi, na wengine Bi Inchi hakujua walikoishia. Aliyesema dereva wa lori, mvulana wa kamasi, alikuwa amekuwa daktari wa meno. Katika madaftari yote alijua msichana mmoja tu aliyesema nesi akawa nesi kweli. Bi Inchi alipolazwa kwa malaria, nesi huyo alimchoma sindano mara tatu bila kuupata mshipa. Mambo haya hakuwahi kumwambia mhusika yeyote. Aliona kwamba vipimo vya mtu ni vya mtu, na jibu lilikuwa sehemu ya vipimo.

Kazi ya shule ndiyo iliyoendesha duka. Watoto mia sita, kila mwaka, mashati mawili na sketi au kaptula kwa kila mmoja. Nguo nyingine zote, mapazia, magauni ya arusi, suruali za kupunguzwa, zilikuwa za kujazia miezi mitupu. Kwa hiyo barua ya mwalimu mkuu ilipofika, ikimwita katika kikao cha kamati ya wazazi kwa sababu kiwanda kimoja cha nguo kimeomba kushona sare za shule nzima, Bi Inchi aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa.

"Wanataka kutunyang'anya shule," alimwambia wifi.

"Nani mwenyekiti wa kamati sasa?"

"Bwana afya."

Wifi akapiga makofi. "Basi tumepona! Huyo si mtoto wako?"

Mwenyekiti alikuwa kijana wa miaka thelathini na mitatu, mkaguzi wa afya wa wilaya, anayeogopwa na wenye mabucha na wenye mahoteli. Alikuwa mmoja wa watoto wa mwaka ule wa pili. Tena alikuwa na hadithi yake, ambayo kila aliyewahi kuhudhuria siku ya wazazi aliijua kwa moyo: jinsi alivyosimama mbele ya futi akiwa na miaka saba na kusema bila kusita kwamba atakuwa bwana afya. "Mimi nilijua nilipokuwa ninakwenda," ndivyo alivyomalizia kila mara, na wazazi waliwageukia watoto wao na kuwatolea macho.

Usiku ule Bi Inchi hakulifungua daftari la mwaka wa pili. Alilifungua asubuhi ya kikao, duka likiwa bado limefungwa. Alipitisha kidole chini ya majina mpaka akafika. Kifua inchi ishirini na nne. Mabega kumi na moja. Mkono, kiuno. Na katika safu ya mwisho, kwa mwandiko wake wa ujana: kinyozi.

Akalirudisha daftari rafuni, akachagua mengine matatu ya miaka ya karibuni, akayatia kwenye mfuko. Kisha akaenda kuoga. Wifi, ambaye hakuwa amelisoma lile la mwaka wa pili kwa sababu wino wake umefifia na macho yake hayakuwa mazuri, alipofika alitazama ndani ya mfuko, akaona daftari la mwenyekiti limesahauliwa, akalitia nalo.

Kikao kilifanyika kwenye chumba cha walimu. Wajumbe tisa walikaa kuzunguka meza mbili zilizounganishwa, moja ikiwa fupi kuliko nyingine, kwa hiyo kila aliyeegemea pale katikati alimwaga chai. Mtu wa kiwanda alizungumza kwanza. Alikuwa na adabu na viatu safi. Alitoa mashati matatu kwenye mifuko ya plastiki, yenye alama S, M na L kwenye kola, akaeleza kwamba mzazi atachagua tu herufi, atapewa shati siku hiyo hiyo, na mtoto akikua atapanda herufi.

"Kwa heshima zote kwa mama yetu hapa," alisema, "kupima kwa mkono ni kukisia. Leo unapata hivi, kesho unapata vingine. Mashine haikisii."

Bi Inchi hakuwa msemaji. Alisimama, akayaweka madaftari mezani.

"Mimi sikisii," alisema. "Kila kilichomo humu nimekipima au nimekisikia. Kama kuna neno moja humu ambalo si kweli, basi na namba zake msiziamini. Lakini hakuna. Chukueni mtoto yeyote mnayemjua, mfungue."

Alipokuwa akisema hivyo aliona kwamba madaftari yalikuwa manne.

Mwenyekiti alikuwa ameshaliona. Jalada lilikuwa na mwaka juu yake, na yeye aliujua mwaka huo. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu kikao kianze.

"Mimi nimo humu," aliwaambia wajumbe. "Waheshimiwa, huyu mama ndiye aliyenipima. Mnaijua hadithi yangu. Bi Inchi, waambie mwenyewe, maana mimi nikisema wanadhani natia chumvi. Nilisema nitakuwa nani?"

Wajumbe wakageuka. Wifi, aliyekaa nyuma yake kwenye kiti cha mtoto, akamfinya kiunoni na kunong'ona kwa sauti ambayo nusu ya meza iliisikia, "Sema ndiyo, wifi. Sema ndiyo tu."

Bi Inchi alikuwa na sekunde chache, na katika sekunde hizo hakufikiria ukweli wala uongo kwa jumla. Alifikiria sentensi aliyotoka kuisema. Daftari lilikuwa mezani, mkono wa mtu wa kiwanda ukiwa karibu nalo kuliko wake. Angesema bwana afya, na mtu huyo akafungua ukurasa, watoto mia sita wangekuwa wamepimwa kwa kukisia.

"Ulisema kinyozi," alisema.

Wote wakacheka kwa pamoja. Mwalimu mkuu alikohoa kwenye leso. Mjumbe mmoja, mwenye duka la rangi, alijipapasa kichwa chake chenye upara akasema, "Mwenyekiti, mimi nimekuponyoka." Hata mtu wa kiwanda alicheka, ingawa alijaribu kucheka kwa heshima.

Bwana afya alilivuta daftari, akasoma mwenyewe. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

"Kinyozi," alisema. "Mimi?"

"Kifua inchi ishirini na nne," Bi Inchi akasema, kwa kuwa hakujua la kuongeza.

"Kulikuwa na kinyozi jirani yetu," mwenyekiti alisema polepole, kama mtu anayemtafuta mwenzake gizani. "Alikuwa na kiti kinachozunguka. Alikuwa ananiacha nikizungushe." Akafunga daftari. "Haya bwana. Hii bwana afya sijui niliitoa wapi."

"Tuliitoa kwako, mwenyekiti, kila mwaka," mwenye duka la rangi akajibu, na kicheko kikaanza upya.

Ikawa kama kikao kimepoteza ajenda yake. Mwalimu mkuu alisema yeye alitaka kuwa golikipa na bado anaamini angeweza. Katibu wa kamati, mama mkimya anayefanya kazi bandarini akihesabu makontena, alisema alitaka kuwa mtawa mpaka alipoambiwa watawa huamka saa kumi alfajiri. Sasa aliamka saa tisa. Mtu wa kiwanda alipoulizwa alisita, kisha akasema mpiga picha. Mwenye duka la rangi alisema hakutaka kuwa chochote, na kwamba ndiye pekee pale aliyefanikiwa.

"Na wewe, Bi Inchi?" mwalimu mkuu akauliza.

"Dereva wa treni."

"Ya abiria au ya mizigo?"

"Ya mizigo. Abiria wana maneno mengi."

Walimcheka kwa wema. Wifi alianza kupumua. Kwa jinsi uso wake ulivyong'aa, mtu angedhani shauri limekwisha na shule imebaki kwao.

Lakini mwenyekiti aligonga meza kwa kalamu, akasema warudi kwenye shughuli. Mjumbe mmoja akauliza ni siku ngapi Bi Inchi huchukua kushona sare za shule nzima. Alisema kweli: miezi mitatu, na wengine huanza muhula wakiwa na shati moja. Mwingine akauliza mtoto akichana shati katikati ya mwaka, hupata lingine lini. Alisema kweli tena. Maswali hayo yalikuwa mepesi na hayakuwa na uadui wowote, na kila jibu lilimsogeza mbali kidogo na kazi yake. Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Wanne kiwanda, wanne Bi Inchi. Kura ya mwisho ilikuwa ya mwenyekiti.

Bwana afya alitazama mashati matatu kwenye plastiki, akatazama madaftari. Wifi alifumba macho.

"Darasa la kwanza libaki kwa Bi Inchi," alisema. "Hao hawajavaa sare bado, hata mzazi hajui herufi yao. Madarasa mengine yaende kiwandani. Mwakani tutaangalia tena."

Katibu akaandika. Mtu wa kiwanda akasimama, akampa Bi Inchi mkono kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, jambo ambalo alilikumbuka baadaye kwa uzuri.

Wifi hakungoja wafike barabarani. "Neno moja, wifi! Neno moja tu lingekuuma nini? Mtu mwenyewe amekupa sufuria na mwiko, wewe unaumwagia moto maji!"

"Wewe ndiye uliyelitia daftari."

"Nilitia nikijua limeandikwa bwana afya!"

"Nani alikwambia?"

Wifi alipunguza mwendo. "Yeye mwenyewe," alisema. "Siku ya wazazi."

Mwenyekiti aliwafikia kwenye lango la shule, akiwa ameshika kofia yake ya kazini. Alimwamkia Bi Inchi upya, kana kwamba hawakuwa wamekaa meza moja saa mbili.

"Shikamoo, mama. Kuhusu kura," alisema, "haikuwa kwa ajili ya lile neno. Nataka ujue. Ni ile miezi mitatu."

"Marahaba. Najua."

"Lakini nilisema kwa nini? Kwamba nataka kuwa kinyozi?"

"Sikukuuliza kwa nini, mwanangu. Ulikuwa na watoto arobaini nyuma yako."

Alitikisa kichwa, akashukuru, akaenda zake kukagua bucha. Siku ya wazazi iliyofuata alizungumzia usafi wa vyoo na usafi wa mikono, na hakusema lolote kuhusu utoto wake. Waliohudhuria walisema hotuba ilikuwa fupi kuliko kawaida, tena nzuri.

Darasa la kwanza lilikuwa na watoto tisini. Bi Inchi aliwapima kwa asubuhi mbili, akashona kwa wiki tano, akawapa kila mmoja mashati yote mawili kabla ya muhula kuanza. Baada ya hapo duka likawa kimya. Cherehani kilichokuwa kikisubiri vipuri kiliuzwa hivyo hivyo kilivyo. Wifi alidumu miezi miwili akiwa amekaa mlangoni na kuwasalimu wapita njia, kisha akaenda kiwandani kuomba kazi, akapewa siku hiyo hiyo. Huko alishona mikono ya kulia tu; mikono ya kushoto ilishonwa na mwanamke wa meza ya pili.

Alikuja Jumapili moja na soda mbili. Alikuwa amenenepa zaidi na hakuwa na hasira tena.

"Wanakulipa vizuri?" Bi Inchi aliuliza.

"Kuliko ulivyokuwa unanilipa wewe, usikasirike."

"Sikasiriki. Na vipimo wanapimaje?"

"Hakuna mtoto kule, wifi. Sijamwona hata mmoja. Tunashona herufi." Akanywa soda. "Ila zinatoka nyingi, sikufichi. Zinatoka nyingi mno."

Bi Inchi alikubali kwamba huo ulikuwa ushonaji pia. Mezani mbele yake kulikuwa na ngozi bandia nyekundu, nzito, iliyokunjwa mara nne. Kampuni moja ya mabasi ilikuwa imempa kazi ya kushona vifuniko vya viti, na alikuwa amebadilisha sindano tatu wiki hiyo kabla hajapata inayofaa. Wifi aliishika ngozi akaiminya, akauliza kama kazi hii nayo anaiandikia daftari.

"Kiti kimoja nimekipima," Bi Inchi alisema. "Vingine vyote viko hivyo hivyo."

Akavuta kiti chake, akashusha mguu wa cherehani juu ya mshono, akamwomba wifi ashike upande wa pili wa ngozi usiburuze sakafuni, kwa kuwa mabasi yalitakiwa kuondoka Jumatano.